Maji Matamu Hukaa Juu

Mbeyu alifyonya kabla hata hajaliona trekta. Alikuwa amelisikia tu. Lilikuwa likija kutoka upande wa Vipingo, likikohoa na kugonga chuma kwa chuma, na mbele yake alitangulia mlamu wake Kaingu, amevaa koti zito la sufu saa sita za mchana, kifimbo mkononi, akipiga hatua kana kwamba moshi ule wote ulikuwa ukitoka kwenye kiko chake.

"Haya, tazameni," Mbeyu aliwaambia wanawake waliokuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta wa kisima. "Jogoo kapata jaa la chuma."

Wanawake wakacheka, maana kwa ulimi Mbeyu hakuwa na mpinzani kutoka Mtwapa mpaka Takaungu.

Kaingu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Yule mkubwa alipofariki, huyu mdogo alikuja kutaka kumrithi mjane kama ilivyo desturi ya Wagiriama, na Mbeyu akamjibu mbele ya wazee kwamba mtu aliyezoea kulala kwenye kitanda hahamii kwenye kichanja cha kuku. Wazee walijaribu kuzuia kicheko wakashindwa. Tangu siku hiyo wawili hao waliamkiana kwa adabu na kuchukiana kwa moyo wote. Sasa serikali ilikuwa imemfanya Kaingu mzee wa mji, lakini kwa majaribio. Jaribio lenyewe lilikuwa hili: matrekta mawili ya Mzungu fulani mwenye shamba la pamba ng'ambo ya mto Sabaki yapite kwenye eneo lake salama salimini. Yakipita, uzee wake utathibitishwa. Kwa hiyo Kaingu alikuwa hali wala halali, na maskini ya Mungu, alidhani watu hawajui kwa nini.

Matrekta yenyewe yaliteremshwa melini kisiwani Mombasa. Yalikuwa ya mvuke, makubwa kupita akili. Gurudumu la nyuma lilimzidi kimo mtu mrefu, na upana wake ulikuwa wa kuziba njia yoyote iliyokuwako pwani wakati huo. Manahodha waliyazunguka mara moja, wakagonga chuma kwa kucha, wakasema hakuna chombo cha mbao kitakachokubali mzigo ule. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Bwana Kurbanali, aliyekuwa amekwisha kusafirisha kila kitu maishani mwake isipokuwa mlima, akaapa kuwa atayafikisha kwa njia ya nchi kavu kabla ya masika. Kisiwani yalivushwa kwa tishali, moja moja. Mtwapa yalivushwa tena kwa tishali, na moja nusura lizame pamoja na mahamali waliokuwa juu yake. Kutoka hapo ilibidi njia ikatwe. Kaingu alipewa ufito wenye urefu sawa na upana wa trekta, akapita nao siku nyingi akiulaza kila mahali, na kila kilichougusa ufito ule kilikatwa, uwe mnazi, uwe mkorosho, uwe ukuta wa mtu. Kaskazini ya kijiji palikuwa na mwamba, na huo nao ulipasuliwa kwa moto na nyundo mpaka ukaachia mwanya wa ufito mmoja na kiganja kila upande.

Hayo yote Mbeyu aliyatazama kwa macho ya mtu anayetazama watoto wakijenga nyumba za mchanga. Wakate minazi, wapasue miamba, wapasuke na wao. Yeye alikuwa na jambo moja tu la kujali.

Kijiji chao kilikuwa juu ya mwamba wa matumbawe karibu na Kuruwitu, nyumba ishirini na mbili, kisima kimoja. Nchi ile chini ya mwamba ni bahari. Maji ya mvua yakizama huelea juu ya maji ya chumvi, tabaka jembamba, kama samli juu ya mchuzi uliopoa. Bahari ikijaa, kisima nacho hupanda na kuyasogeza yale matamu. Ikipwa, hushuka nayo. Kwa hiyo watu wa pale hawakuteka kwa ndoo. Waliteka maji yanapojaa tu, wakishuka ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, wakikwangua uso wa maji polepole kwa kata ya kifuu. Bahari ikianza kupwa, kisima hufunikwa kwa makuti kikalala.

Mlinzi wa kisima alikuwa Mbeyu. Alikabidhiwa na mama mkwe wake, naye alikabidhiwa na wake. Mitungi mitatu kila nyumba kwa siku. Mwenye mgeni, mmoja zaidi. Miaka ishirini na sita hakuwahi kukiharibu. Mwaka huo, miaka miwili kabla ya vita vya Wagiriama na serikali, kiangazi kilikuwa kirefu, na masika yalikuwa bado wiki sita au saba. Kisima kilikuwa kimekonda. Kikitibuliwa wakati ule, chumvi ingepanda na isingeshuka mpaka mvua inyeshe, na nyumba ishirini na mbili zingekosa hata maji ya kumwoshea mzazi.

Matrekta yakasimama. Akashuka fundi.

Huyu Fundi Shekue alikuwa mtu wa Mombasa mwenye kofia ya reli na spana mfukoni. Aliwahi kufanya kazi kwenye garimoshi, na tangu hapo hakuona kiumbe aliyestahili kusemeshwa naye uso kwa uso kati ya hapo na Malindi. Maji ya kunywa alibeba ya kwake, kwenye pipa lenye kufuli. Kwa watu wa kijiji alisema kupitia kwa Kaingu, ingawa Kiswahili kila mtu pale alikijua.

"Mwambie huyo mwanamke," alimwambia Kaingu, "matrekta yana kiu. Nataka mapipa manane."

"Anataka mapipa manane," Kaingu akasema, kwa Kiswahili kile kile.

"Nimemsikia," Mbeyu akajibu. "Masikio yangu sikuyaazima kwako, mlamu."

Mapipa manane yalikuwa karibu mitungi mia. Mbeyu akameza hasira, akasema kwa utaratibu, maana jambo lenyewe halikuwa la mchezo. "Bahari inapwa sasa, na kisima kimelala. Jioni itajaa, na kesho tena. Nipeni siku mbili. Mimi na wenzangu tutawatekea kwa kata, mtapata mapipa mawili matamu, na watu wangu watajinyima. Yaliyobaki tumeni Takaungu. Mkiteka sasa, mtakiua kisima, na maji yenyewe hayatawafaa."

Bwana Kurbanali alikuwa amesimama kando na mwavuli wake, mtu mwembamba, jasho linamtiririka, na macho yake hayakutoka mawinguni hata pale ambapo mawingu hayakuwepo. Njia ile ikilowa, matrekta yangezama mpaka dohani. Hata hivyo alimsikiliza. "Siku mbili si mbaya, Fundi," alisema. "Mapipa matupu ninayo, na punda ninao. Naweza kutuma Takaungu leo hii."

"Bwana Kurbanali," Fundi akasema, "wewe kazi yako ni kupeleka. Maji niachie mimi. Hawa Wanyika wanateka maji kwa kifuu, halafu wanatufundisha mashine?"

Mahamali wakacheka. Kaingu akacheka kuwashinda, mpaka akakohoa.

Mbeyu akashuka ngazi. Alichovya kata chini kidogo tu ya uso wa maji, akapanda, akamnyoshea Fundi. "Onja," akamwambia. "Haya si ya chini sana. Onja ujue yaliyo chini yake yakoje."

Fundi aliitazama ile kata kama mtu aliyenyoshewa panya aliyekufa. Hakuishika. Aliisukuma kando kwa ncha ya spana yake. "Mimi sinywi kwenye vifuu," akasema, na safari hii hakumhitaji mkalimani.

Mbeyu akamgeukia Kaingu, maana mtu huyo angalau alizaliwa pale na alijua. Alinyweshwa maji ya kisima kile kabla hajajua kusimama. "Mlamu," alimwambia, na sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba, jambo ambalo halijamtokea miaka mingi. "Waambie. Wewe unajua."

Kaingu alijua. Ilionekana usoni mwake, ikapita. Halafu akakumbuka koti lake, akakumbuka kichanja cha kuku, akajipiga kifua. "Kisima hiki kilikuwa cha kaka yangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kaka yangu hayupo. Mwenye kisima ni mimi, na mimi nimetoa. Wewe mwanamke, kaa kando. Haya ni mambo ya serikali."

Mbeyu akakaa kando. Kwa ghadhabu yake yote, aliketi wima kama bibi arusi.

Fundi akaleta mpira mnene wa kunyonyea maji. Akauteremsha kisimani mpaka ukagonga mwamba, maana kwa hesabu yake maji mengi yako chini. Akafungua mvuke, na trekta likaanza kunyonya. Uso wa kisima ulitetemeka, ukazunguka, ukashuka. Kazi ya miaka mingi ya wanawake waangalifu iliharibika kwa muda wa mtu kula muhogo mmoja. Wanawake wengine waliingia majumbani wasione. Kadzo, mke wa jirani, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni, alibaki amesimama, mkono mdomoni.

Pale mpira ulipoungana na chuma palikuwa pakivuja. Mbeyu akainuka, akachovya kidole, akalamba. Chumvi tupu. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Usichanani alikuwa akichemsha maji ya bahari na mama yake ili kupata chumvi ya kuuza, na alijua vizuri maji ya namna ile yanafanya nini juu ya moto. Hutoa povu, hupanda, hurukia mpishi, na chungu hushika gamba ambalo hata jiwe haliling'oi. Trekta lile nalo, kwa kelele zake zote, lilikuwa chungu tu.

Akaanza kufurahi, furaha moja baridi na tamu.

Wakati huo ndipo Bwana Kurbanali alipomjia. Alikuwa amenyosha mkono ili naye aguse yale matone, lakini Fundi alimpigia kelele asiguse chuma cha moto, akaurudisha upesi. Basi akaja kwa Mbeyu, akafunga mwavuli, akainama kidogo. "Mama," alisema, "niambie wewe. Maji haya ni matamu? Kama si mazuri, nitayamwaga sasa hivi, nitangoja ya Takaungu. Niambie tu."

Aliuliza kwa heshima, kama mtu anayeuliza mtu. Hilo Mbeyu aliliona. Lakini nyuma ya bega la yule Mhindi aliliona pia koti la sufu, na tumbo lililotangulizwa mbele, na midomo ile ambayo muda mfupi uliopita ilimwambia akae kando. Neno lilikuwa limekwisha kuiva mdomoni mwake, na mwenye ulimi mkali neno likiiva hawezi kulimeza.

"Mimi ni mwanamke tu, bwana," akasema, akaelekeza kidevu kwa Kaingu. "Muulize mwenye kisima."

Kurbanali akamgeukia Kaingu. Kaingu akapanua kifua. "Matamu kama tui!" akasema. "Watoto wetu wamekulia hayo."

Mbeyu akarudi kuketi. Hajapata kujibu jibu tamu kama lile maishani mwake.

Matrekta yaliondoka yakiwa yameshiba, yote mawili. Hayakufika mbali. La mbele lilipoingia kwenye mwanya wa mwamba, dohani yake ilianza kutapika povu jeupe. Maji ya moto yaliruka kila upande, mahamali wakatawanyika kama kuku, na Fundi Shekue akapigapiga valvu zake akiita majina ya mawalii. Kisha likasikika pigo moja, zito, kama mlango wa gereza. Silinda ilikuwa imepasuka kutoka juu mpaka chini. La nyuma nalo lilianza kutoa povu, wakauzima moto wake upesi, likasimama pale pale. Kupita hakukuwezekana. Mwanya ulikuwa wa ufito mmoja na kiganja kila upande, na Kaingu mwenyewe ndiye aliyeupima.

Kijiji kizima kilikwenda kutazama. Fundi alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia mkononi, uso umemwiva kwa mvuke. Kaingu alikuwa akizunguka trekta akiligusagusa kama mtu anayembembeleza punda aliyekufa. Mbeyu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alitunga papo hapo wimbo wa jogoo aliyepewa garimoshi akalinywesha bahari, na jioni ile watoto walikuwa wakiuimba kila ua. Ukimpa mtu kama Mbeyu ushindi wa namna hiyo, anaweza kuufanya kitoweo mwezi mzima.

Ushindi wenyewe ulidumu siku tatu.

Bahari ilipojaa, Mbeyu alishuka na kata yake, akakwangua juu kabisa, akaonja. Chumvi. Maji yaliyofuata, chumvi. Alikingoja mpaka bamvua, siku bahari inapojaa kuliko zote, akashuka alfajiri peke yake. Maji yale, yaliyochanganyika na chumvi, aliyatema. Akakifunika kisima kwa makuti.

Maji ya kunywa yalibaki kwenye visima vya bara, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka jua la utosini, kwenda na kurudi mzigo kichwani. Hilo peke yake wangelistahimili. Miaka ya njaa walikwisha kulistahimili. Lakini matrekta hayakuondoka, na pamoja nayo hawakuondoka mahamali arobaini na watatu. Silinda haikupatikana Mombasa, iliagizwa ng'ambo. Mpaka ije, ilitoka amri kwamba vyombo vile vilindwe, na walinzi walishwe na kunyweshwa na kijiji. Punda walikwenda Takaungu siku mbili, siku ya tatu wakachukuliwa kwa kazi nyingine. Wanaume wa kijiji walitiwa kwenye kazi ya kuweka magogo chini ya magurudumu. Maji yalibaki kuwa kazi ya wanawake: mtungi mmoja wa nyumbani, mtungi mmoja wa mahamali. Yaani safari mbili kila siku kwa mwenye nguvu, na kwa asiye na nguvu, watoto walilala na midomo mikavu. Kaingu alivuliwa uzee, ndiyo, na koti akalivua. Wanawake walipita mbele ya mlango wake na mitungi, wala hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumwimbia.

Wiki ya pili Bwana Kurbanali alirudi kutoka Mombasa, amekonda zaidi. Hakumgombeza mtu. Aliketi kwenye baraza ya mume wa Kadzo, akaomba maji, akapewa kikombe, akayatazama yalivyokuwa kidogo, akayarudisha nusu. "Nilimuuliza yule mama," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Nilimuuliza kwa mdomo wangu. Angeniambia ni ya chumvi, ningeyamwaga pale pale. Leo tungekuwa Malindi, nanyi mngekuwa na taabu yenu moja tu, ya kisima." Kadzo alikuwa nyuma ya mlango akimnyonyesha mtoto, na mtoto alikuwa akinyonya bila kupata cha kutosha.

Kesho yake kwenye visima vya bara wanawake tisa walijaza mitungi. Ilikuwa safari ya pili ya siku. Jua lilikuwa kali. Kadzo akaja mpaka mbele ya Mbeyu. Alimwita Hawe, yaani bibi, kama walivyomwita wote waliokuwa wadogo kwake.

"Hawe, siku ile ulijua?"

"Nani alinipa nafasi ya kusema?" Mbeyu akasema upesi. "Yule fundi alisukuma kata yangu kwa spana, mbele yenu nyote. Yule mlamu wangu..."

"Yule Mhindi alikuuliza."

Mbeyu akauinamia mtungi wake, akaipangusa shingo yake kwa kiganja.

"Alikuuliza," Kadzo akarudia. "Ulijua?"

"Nilijua."

Wanawake wengine walikuwa wameacha kuteka. Kadzo hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka mno. "Fundi hakutuona kama watu," akasema. "Kaingu naye hakutuona. Hao tumewazoea, Hawe. Lakini wewe ulipojibu vile ulikuwa ukimwona nani? Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na mtoto mgongoni. Uliniona?"

Mbeyu alimtazama mtoto. Alikuwa amelala kichwa kimeinama upande, mishipa ya shingo inaonekana. Alitaka kusema kwamba kisima kilikwisha kufa hata hivyo, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwamba wao ndio waliomdharau kwanza. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote aliyaona ni upuuzi. Aibu ilimshika, aibu kavu, isiyo na machozi. "Sikukuona, mwanangu," akasema.

Kadzo akaitikia kwa kichwa. Hakumtukana.

Mtungi uliojaa mwanamke hawezi kujitwika mwenyewe. Mmoja huinama, mwenzake huinua, kisha huyo naye huinuliwa na mwingine, na wa mwisho husaidiwa na yeyote anayepita. Ndivyo wanawake wa kule walivyoteka maji tangu zamani. Siku hiyo walitwikana wanane, wakashika njia ya kurudi pwani mmoja nyuma ya mwingine. Mbeyu alibaki amesimama karibu na mtungi wake, akingoja. Aliungoja mgongo wa Kadzo ugeuke, haukugeuka. Alipoona hawaonekani tena, alipiga magoti, akauinamisha mtungi, akamwaga maji mchangani mpaka ukabaki nusu, ndipo akaweza kuuinua.